Nimecheza raundi ya gofu ya diski kwenye kozi ya vilima, mlima umenifanya nianze kujifunza kurusha upya

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za sa hizi. Mi nina kama miaka miwili nacheza gofu ya diski na muda wote huo nimecheza uwanja tambarare, nyasi fupi, miti ya kuhesabu, ukisimama pa kurushia unaona kila kitu mpaka kikapuni. Juzi tukaenda wanne kwenye kozi ya umma iliyo vilimani, mashimo 18, na sidhani kama kuna shimo hata moja ambalo nilisimama miguu yote miwili ikiwa usawa mmoja. Nimerudi nikasema hii kitu lazima niiandike, maana nilichokutana nacho kule siyo mchezo nilioujua.

Kwa asiyeujua mchezo, kwa ufupi: unarusha diski kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia, ilipoangukia ndipo unarushia tena, mpaka itulie ndani ya kikapu. Njia nzima toka pa kurushia mpaka kikapuni ndo tunaiita shimo. Mwenye mirusho michache ndo mshindi. Na diski zenyewe siyo ile frisbi kubwa ya kuchezea ufukweni, hizi ni ndogo, upana wake sm 21 na kidogo, ukingo mkali, nyingi zina gramu 150 mpaka 175, zinakata upepo kwelikweli.

Sasa shimo la kwanza. Bodi inasema mita 84, na kikapu unakiona kule chini bondeni kama kimewekwa kiganjani mwako. Nikachukua diski yangu ya masafa, ya spidi kubwa kuliko zote kwenye begi, nikairusha kwa nguvu zote. Ilienda vizuri sana, nikaanza hata kutembea, afu ikapita juu ya kikapu ikiwa bado hewani, ikaanza kupinda kushoto, ikapinda, ikapinda, ikaingia kwenye korongo lenye vichaka. Mi narusha bekihendi, yaani mkono unaanzia upande wa pili wa kifua, kwa mkono wa kulia, na kwa mrusho huo diski ikipungua spidi lazima imalizie kushoto, hilo nalijua siku zote. Ambacho sikukifikiria ni kwamba ukirusha kutoka juu ardhi inaikimbia diski. Ule mpindo ambao tambarare ungekuwa wa mita nne tano hivi afu ikagusa nyasi, hapa unapata muda wa kuendelea na kuendelea kwa sababu hakuna kitu cha kuusimamisha. Mirusho mitano shimo la kwanza, shimo lililopangiwa mitatu.

La pili mpaka la sita sina la kusema sana, yanazunguka ubavuni mwa kilima, nilikuwa natafuta tu pa kukanyaga.

La saba sasa. Mita 72 kwenye bodi, fupi kabisa, ila kikapu kipo juu, ukiangalia unaona shingo inaenda nyuma. Kwa macho nakadiria kupanda kama mita 12. Mwenzetu mmoja akaniambia wachezaji wengi wanahesabu kila mita moja ya kupanda kama mita tatu za tambarare, kwa hiyo hizo 72 ongeza 36, unacheza shimo la mita 108. Sikumsikiliza vizuri. Nikarusha kwa kulenga juu, yaani nikanyanyua pua ya diski (ukingo wake wa mbele) ili ipande, ikapanda kweli, ikasimama hewani kama imegonga ukuta, ikarudi chini kushoto karibu na miguu yetu.

Lakini shimo lililonifanya nifungue huu uzi ni la 11. Kikapu kimewekwa kwenye ukingo wa mteremko, udongo mkavu, majani makavu ya miti juu yake. Nilikuwa mita sita, kwa upande wa juu. Mita sita mi nafunga siku zote, sijisifu, ni umbali wa mazoezi ya kila siku. Nikarusha, ikagonga chuma cha ukingo wa kikapu, ikadondoka kwa ubavu. Hapo nikaona kitu nakikumbuka mpaka leo: ikasimama kwa ukingo wake, ikayumba kidogo huku na huku kama sarafu mezani inayotaka kulala, kila mtu kimya, afu badala ya kulala ikaelekea bondeni. Taratibu mwanzo. Baadaye ikashika kasi, majani yanaruka pembeni, ikapita mti, ikapita mwingine, sauti yake kwenye majani tuliisikia hata baada ya kutoiona. Tulipoifikia tukapiga hatua kurudi kikapuni, zilikuwa 41.

Kwenye kundi letu kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, kozi ile ameicheza miaka na miaka. Yeye alikuwa mita tisa, upande uleule wa juu. Hakujaribu kikapu kabisa. Akairusha polepole, imelala bapa, ikatua nusu mita kutoka kwenye mlingoti na kubaki palepale kama imebandikwa. Mrusho uliofuata akaiweka ndani, akaondoka na mitatu yake. Mi nikaondoka na sita. Akaniambia, "Mwanangu, huku usirushe kufika, rusha kukaa." Nimeigeuza kauli hiyo kichwani siku tatu sasa na naona ndiyo kozi nzima ya mlimani ilivyo, kuanzia mrusho wa kwanza mpaka wa mwisho. Kabla hujaachia diski jiulize ikigusa chini itagusaje, na ikishagusa itaelekea wapi.

Nauliza wazoefu: kwenye kikapu cha mteremkoni mnapenda kumalizia mkiwa upande wa juu au wa chini? Na mnatumia diski gani kushuka?

#2

Uzi mzuri mkuu, naweka kambi hapa.

Hiyo ya korongo imenikuta sana. Wengine hawajui sheria, diski ikipotea mnapewa dakika tatu za kuitafuta toka mnapofika eneo lile, zikiisha unaongezewa mrusho mmoja wa adhabu na unarudi kurushia pale uliporushia mwanzo. Kurudi kupanda mlima mzima kurusha tena ndo adhabu yenyewe. Ushauri wangu, kwenye mashimo ya kushuka mmoja wenu atangulie asimame pembeni, mahali salama anapoona bonde, aangalie diski zinatua wapi. Na diski za rangi ya kijani na kahawia ziacheni nyumbani.

#3

Samahani mi mgeni kwenye huu mchezo, nina diski moja tu, ya kumalizia, nilipewa zawadi. Je naweza kwenda nayo kozi ya vilima hivyo au mpaka ninunue zote?

#4

#3 dada nenda nayo hiyohiyo na wala usiwe na wasiwasi. Diski ya kumalizia ina spidi ndogo, inaenda moja kwa moja, haipindi sana mwishoni na ikitua haitelezi mbali, kwa hiyo mashimo ya kushuka utafanya vizuri kuliko mwenye begi la diski ishirini. Kupanda ndo utahitaji mirusho ya ziada, haina shida, utajifunza mkono.

Mleta uzi, mi sikubaliani na wewe kidogo. Umeitupia lawama diski ya masafa ila kwa maelezo yako naona tatizo ni mabega. Watu wengi wakisimama juu ya mteremko wanarusha kama wako tambarare, yaani mabega yapo usawa wa upeo wa macho. Diski inatoka imenyooka na upeo wakati ardhi inashuka, kwa hiyo inazidi kuwa juu, inaelea, spidi inaisha ikiwa bado mita kumi na kitu hewani, na hapo lazima ipinde mpaka ichoke. Unatakiwa kiwiliwili chote kiiname kufuata mteremko, bega la mbele liwe chini kuliko la nyuma, diski itoke ikiwa sambamba na ardhi. Mwanzo utahisi unairusha kwenye majani mbele yako. Vumilia hiyo hali, ndo engo sahihi.

Kupanda ni kinyume chake, bega la mbele juu, la nyuma chini, LAKINI pua ya diski isinyanyuke kuzidi njia inayopita. Hapo ndo ulipokosea shimo la saba. Kuna tofauti kati ya kuirusha njia ya kupanda na kuinyanyua pua. Ukinyanyua pua, upepo unaikamata kwa chini, inasimama, inarudi. Inamisha mwili toka kiunoni, siyo kifundo cha mkono. Mi nilipata akili hii baada ya kurekodiwa video kwa pembeni, nikaona mabega yangu yamelala kama meza na mlima upo mbele yangu.

Na kwa kupanda tumia diski nyepesi kidogo au ile iliyotumika sana mpaka imelainika, inayopenda kuelekea kulia kwanza. Kupanda kunaiua spidi mapema kwa hiyo kila diski inaanza kupinda kushoto kabla ya wakati wake. Ile ngumu inayopinda sana hairudi, itakuangusha nusu ya mlima.

#5 (mleta uzi)

#4 mkuu nimekusoma na nimekubali, mabega sikuyawaza hata mara moja. Ila kwenye diski bado nasimamia neno langu kidogo. Kwa mita 84 za kushuka, hata mabega yakiwa sawa, diski ya spidi 12 ya nini? Shimo la 14 ni la kushuka vilevile na nilirusha diski ya kati, nguvu nusu, ikafika mita tatu kutoka kikapuni. Nguvu ya ziada mlima unakupa wenyewe.

#6

Zile namba nne juu ya diski zinasaidia sana hapo. Ya kwanza ni spidi, ya pili kuelea, ya tatu ni inavyogeukia kulia mwanzoni, ya nne ni inavyopinda kushoto mwishoni, kwa anayerusha bekihendi ya kulia. Wa mkono wa kushoto anageuza, na fohendi (mrusho wa kiganja kutazama mbele) nayo inageuza. Ukiwa unashuka, angalia namba ya pili na ya nne kabla ya ile ya kwanza. Kuelea 6 kutoka juu ya kilima ni kuomba matatizo, hasa upepo ukiwa unapanda bondeni kukujia, utaiona inaondoka hairudi.

#7

Kwa wanaopenda historia. Huu mchezo kwa sura yake ya sasa unahusishwa sana na Mmarekani Ed Headrick. Kozi ya kwanza ya kudumu aliipanga mwaka 1975 kwenye bustani ya Oak Grove kule California. Mwanzoni watu walikuwa wanalenga miti na nguzo, sasa ubishi ukawa hauishi, huyu anasema imegusa yule anasema haijagusa. Ndo akatengeneza kikapu chenye minyororo, minyororo inaimeza kasi ya diski, inadondoka ndani, ubishi unaisha. 1976 akaanzisha PDGA, chama kinachosimamia sheria mpaka leo. Alifariki 2002 na majivu yake yakachanganywa kwenye plastiki ya diski, kwa kutaka kwake mwenyewe. Mi hilo la mwisho kila nikilikumbuka naona mtu aliyependa kitu kwa moyo wote.

Na kuhusu vilima, kuna kozi ya umma inaitwa DeLaveaga, Santa Cruz, hukohuko California, maarufu mno. Shimo lake la 27 linaitwa Top of the World, unarushia kileleni kabisa kwenda chini. Kwenye video watu wanaliangalia kama burudani lakini ukiangalia kwa makini utaona kila mzoefu anatulia pale muda mrefu anachagua diski.

#8

Nijibu swali la mleta uzi, juu au chini. Mi siku zote CHINI. Ukiwa chini ya kikapu na ukakosa, mlima wenyewe ni ukuta, diski inagonga ardhi karibu tu na kikapu. Ukiwa juu na ukakosa, hakuna kitu nyuma ya kikapu zaidi ya hewa, diski inaendelea na safari. Kwa hiyo hata mrusho wangu wa kusogelea naupunguza makusudi uishie upande wa chini.

#9

#8 hapo ni nusu ya ukweli mkuu, na hiyo nusu nyingine imenigharimu mashindano. Kutoka chini, ukikosa kwa mrusho mkali, pua ya diski inagonga mlima, inasimama wima, na ikisimama wima kwenye mteremko inabingirika kurudi kwako na kukupita. Nimewahi kuruka juu ya diski yangu mwenyewe ikipita katikati ya miguu, mita nane zikawa thelathini.

Naona kinachoamua ni ardhi. Nyasi ndefu na udongo laini, kutoka chini ni salama kabisa. Udongo mkavu, mizizi, majani makavu kama ya mleta uzi, usitupe kwa nguvu kutoka upande wowote ule. Irushe juu kidogo, itoke na mzunguko mdogo, ishuke kwenye minyororo ikitokea juu. Ikikosa inatua bapa. Diski inabingirika ikitua kwa ubavu, ikitua kwa tumbo itateleza kidogo afu basi. Na ubavuni mwa kilima, ukitaka ilale, itue ikiwa imeinama sawa na ardhi ilivyoinama. Ardhi inashuka kushoto, diski nayo iiname kushoto. Ikija na engo tofauti na ardhi, ukingo mmoja unagusa kwanza na hapo ndo inasimama.

#10

#9 umemaliza kila kitu. Niongeze la miguu.

Ndani ya mita 10 kutoka kikapuni sheria inasema ukishaachia diski uoneshe umetulia, balansi kamili, nyuma ya alama yako, ile unayoweka pale diski ilipotulia, kabla hujasogea mbele. Kwenye mteremko wa kushuka hii inawatesa wengi kwa sababu mwili unavutwa mbele, mtu anarusha na anaingia mbele hatua mbili, hilo ni kosa hata kama diski imeingia. Wakati wa kuachia, sehemu moja ya mwili wako lazima iguse kile kieneo nyuma ya alama, upana sm 20 kwenda nyuma sm 30, na usiguse mahali pengine palipo karibu na kikapu kuliko alama. Mguu mwingine uweke popote unapotaka, pembeni au nyuma. Kwa hiyo simameni ubavu, miguu mipana, magoti yamekunjwa, mguu wa chini ya mteremko ubebe uzito. Hata kupiga goti inaruhusiwa, mi kwenye mteremko mkali napiga goti la nyuma na nafunga vizuri tu.

#11

Mi sichezi, ila natembea na watoto kila jioni kwenye bustani moja yenye hiyo michezo na nimefurahi kuona watu wanaongea kwa ustaarabu. Ombi langu ni moja tu. Kwenye vilima sisi tunaotembea hatuwaoni mkiwa juu na nyie hamtuoni tukiwa nyuma ya kichuguu. Mwezi uliopita diski ilitua hatua mbili kutoka kwa mwanangu wa miaka minne, na aliyerusha alikuwa mbali hata hakujua. Ile kitu ni ngumu.

#12 (mleta uzi)

#11 dada pole sana, na asante kwa kuja kusema. Bustani ya umma ni ya wote na kwenye mchezo huu asiyecheza ndiye mwenye haki ya kupita kwanza, mchezaji ndo anasubiri, hata kama ni dakika kumi. Shimo usiloona linapoishia mtu mmoja lazima atangulie kama #2 alivyosema, na diski ikienda vibaya piga kelele kwa sauti yote, usione aibu. Hilo la mwanao limeniuma. Nitalisema kila tukikutana kabla hatujaanza raundi.

#13

Swali la haraka, diski ikikaa juu ya kofia ya kikapu inahesabika?

#14

#13 hapana, lazima iwe imetulia ndani ya kikapu au imening'inia kwenye minyororo. Juu ya kofia unarushia tena, unaweka alama chini yake.

#15 (mleta uzi)

Wakuu nimerudi kule leo asubuhi, peke yangu, na diski tatu tu, moja ya kati na mbili za kumalizia. Umande ulikuwa bado, nimebeba taulo nafuta diski kila mrusho maana ikilowa inaponyoka mkononi.

La kwanza nilishuka na diski ya kati, nikainamisha mwili kama #4 alivyosema, kwa kweli nilihisi naipiga chini kabisa, ikateleza juu ya nyasi njia nzima urefu wa kiuno hivi toka ardhini na kusimama mita tano fupi ya kikapu, upande wa juu. Mitatu. La saba bado sijafika kwa mmoja ila pua haikunyanyuka, iliishia theluthi mbili ya mlima katikati ya njia, nikamaliza minne, na minne pale naichukua siku yoyote.

La 11 nikakaa mita saba, juu, palepale. Nilisimama nikaangalia ule mti ambao diski iliupita siku ile. Mkono ulitaka kikapu, nisiseme uongo. Nikapiga goti, nikairusha polepole bapa, ikagusa majani, ikazunguka nusu mzunguko kwa tumbo, ikatulia hatua moja kutoka kwenye mlingoti. Nikashuka, nikaiweka ndani kwa mkono mlegevu, minyororo ikalia.

Jumla nimepunguza mirusho 11 kuliko mara ya kwanza. Jumamosi tunarudi wote wanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla wanaotembea hawajawa wengi.

#16

Hiyo la 11 tuwekee picha ya kikapu kilivyokaa ukienda, upigie ukiwa ubavuni mwa kilima, nataka kuona mteremko una kiasi gani.

#17 (mleta uzi)

Ntapiga mkuu. Na ntaweka diski chini pembeni ya kikapu ili uone ukubwa.